Bibi Hataki Kulishwa

Shangazi yangu mpenzi, uliyemtangulia mama yako,

Tangu tulipokuzika, Bibi hakula kitu cha haja. Baba alimpeleka Lamu kwa daktari, njia nzima amemshika kama yai. Daktari akasema hana ugonjwa, ila asipokula hatafika mbali. Tukarudi kwetu Siyu na maziwa ya kopo na huzuni yetu.

Wewe ulikuwa ukimwogesha, ukimsuka, ukimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Tulidhani kazi yote ni hiyo. Mama yangu akaichukua, na Baba akashika kijiko. Bibi aligeuza uso.

"Kidogo tu, mama."

"Kiondoe! Ni mimi niliyekuzaa, au ni wewe uliyenizaa?"

"Ni wewe, mama."

"Basi niondokee mbele."

Baba alitoka uani akalia. Sikumwona akilia hata siku ya maziko yako.

Hapo nikakukumbuka ukirudi shambani, ukijitupa mkekani: "Mama, ndaa yaniua!" Nilikuona mlafi, kila siku na njaa yako. Bibi akikucheka, "Mwanamke mzima, tumbo kama pipa," huku akikupakulia kwa mkono unaotetemeka, wali nusu ukimwagika. Kisha akajipakulia naye. Hukumlisha kamwe, Shangazi. Ulimwachia akulishe wewe.

Nilimweleza Baba. Aliingia kwa Bibi, akaketi chini.

"Mama, ndaa yaniua."

Bibi akamkagua. "Kwani mkeo hapiki?"

"Apika, lakini si kama wewe."

Mama yangu, aliyeupika wali ule ule, akamsogezea Bibi sufuria. Bibi akaomba upawa, akampakulia, kisha akajipakulia naye.

Alikula matonge matatu, manne. Si mengi. Bado ni mwepesi mno nimwinuapo, na sijui Mungu ametuandikia nini. Lakini Baba sasa humjia kila jioni bila kula mchana, ili njaa yake iwe ya kweli.

Jana alibakiza. Bibi akamkaripia: "Nduguyo alikuwa akimaliza." Ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu uondoke. Baba akamaliza sahani, machozi yakimdondoka, naye Bibi, bila kumtazama, akamwongezea.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Shangazi. Mama yako tunaye.

Mimi, mtoto wa kaka yako.