Kitabu Kilichotugombanisha

Haydom

Dada Fransiska, shikamoo.

Huku mvua imeanza na maharage yameota vizuri. Ila watu wamenichosha! Jumapili kikundi chetu cha kusoma kilikutana kwangu kuzungumzia riwaya ya binti anayekua kwa shida na kuishia kwenye pombe, akimkimbia kila anayempenda. Mwalimu Yona akasema, "Kitabu kibaya, hakina funzo lolote." Rogathe, yule nesi jirani yangu, akamjibu kwamba huo ndio ukweli wa maisha. Wakabishana hadi chai ikapoa, nikatamani kuwafukuza wote.

Ndipo mwanao Oliva, aliyekaa karibu yangu, akasema, "Mnamhukumu tu huyo binti. Hakuna anayeuliza kwa nini halali usiku. Mimi pia sipati usingizi, mama mdogo, na nikiupata natamani nisiamke."

Yona akafunga kitabu. Kesho yake nilimpeleka Oliva kwa daktari, na ameanza kuzungumza naye. Anakula kidogo. Anakuulizia.

Dada, nakujua. Panda basi uje, lakini tafadhali, yale mahubiri yako ya bidii na shukrani yaache hukohuko Hirbadaw. Ukifika, kaa naye umsikilize.

Mdogo wako anayekusubiri,
Ludovika