Taa za Ukutani za Chumba cha Mbele

Jumanne, 4 Machi

Kola za sare zimekwisha. Bado vifungo. Nimeshona dirishani tangu asubuhi, na jua lilipozama nyuma ya mawe nikawasha taa ya tyubu, nikavuta pazia la mlango wa chumbani mpaka mwisho, nikaziba na chini kwa kanga.

Maduhu yuko ndani. Kala gizani. Nimesikia kijiko kikigonga sahani, kisha kimya. Mume na mke, vyumba viwili, pazia katikati. Ndivyo tunavyoishi tangu mwaka jana.

Watu hapa Ilemela wanadhani amepofuka. Hapana. Miaka yote ya kuchomelea vyuma kule Nyakato imemwachia makovu machoni. Daktari kasema kuona ataona, ila mwanga mkali utamuumiza siku zote. Ukimpiga usoni machozi yanamtoka kama kamwagiwa pilipili. Na mimi bila mwanga sishoni. Nisiposhona hatuli.

Sijauona uso wake vizuri siku nyingi. Naukumbuka tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka sare mjini. Kurudi nikapita pale wanapobomoa nyumba ya ghorofa ya zamani. Vitu vimemwagwa nje, vinauzwa: milango, masinki, makochi. Katikati yake taa mbili za ukutani za shaba ya njano iliyofubaa, mikono imepinda vizuri, kila moja na kofia ya kitambaa kilichochanika.

Kofia. Nilisimama pale pale. Nyumbani tyubu iko darini, wazi, inamwaga mwanga kila kona. Taa kama hii ukutani, mwanga umefunikwa, labda Maduhu angeweza kutoka akakaa na mimi.

Nimezinunua. Sijamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimesugua shaba kwa jivu na ndimu mpaka ikang'aa. Vidole vinawasha. Kofia nimezivua vile vitambaa, nikazivika poplini nyeupe iliyobaki kwenye mashati ya shule. Zimependeza. Chumba chenyewe kidogo, meza ikiingia mtu anatoka, kwa hiyo taa isiyochukua nafasi ndiyo yenyewe.

Maduhu kauliza ninasugua nini. Nimesema sufuria. Muda mrefu sijawa na siri nzuri.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Rehema, fundi umeme wa mtaani kwetu, kaja mchana na drili yake. Kafunga taa moja kila upande wa kochi. Nikamwambia apandishe juu ili ziangaze chumba kizima. Kapandisha.

Jioni nikazima tyubu, nikaziwasha, nikaita.

"Baba Editha, njoo. Nimekutengenezea mahali."

Katoka akishika ukuta. Kakaa. Nikaona mdomo wake unataka kucheka. Kisha kainua uso kunitafuta nilipo, na hapo hapo akaziba macho kwa mikono yote miwili.

"Unaniwekea jua ndani ya nyumba?"

"Ni taa ndogo tu."

"Ndogo kwako!"

Kajigonga kwenye cherehani akirudi chumbani. Nimebaki nimesimama, mkono kwenye swichi. Aibu. Halafu hasira.

Jumanne, 11 Machi

Ameondoka. Dada yake, wifi Nyamizi, kaja kumchukua kwenda kwake Magu. Kumbe Maduhu alimpigia simu. Kajifunika shuka kichwani mpaka kwenye bajaji. Kaniambia tu, "Huko kuna giza la kutosha." Wifi hakunitazama.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewasha tyubu tangu mchana kwa sababu hakuna wa kumuumiza. Pazia nimelifunga fundo. Nyumba yote mwanga.

Sijashona hata kifungo. Nilifikiri upweke ni kukaa na mtu nisiyemwona. Nilikuwa sijui kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi kapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia kwa shida.

"Mletee nguo zake."

"Ngapi, wifi?"

"Zote."

Editha naye kapiga kutoka Dodoma, kaulizia baba yake. Nikasema kalala. Mtoto kaniamini. Nimekaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanga nguo zake kwenye begi. Zimechukua nafasi kidogo sana. Nilipochoka nikaketi kwenye kochi, upande wake, nikaziwasha zile taa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuzichukia vizuri.

Sijawahi kukaa pale. Nikainamisha kichwa kama anavyoinamisha yeye, kisha nikainua.

Balbu ikanichungulia kwa chini ya kofia, uchi kabisa. Shaba niliyoisugua ikamulika kama kioo. Ukuta nao, ule mweupe wa rangi ya mafuta, ukarudisha mwanga wote usoni kwangu. Mimi mwenye macho mazima nimefumba.

Nilizipamba nikiwa nimesimama. Sikukaa hata mara moja.

Alhamisi, 20 Machi

Mgongo unauma. Nimepaka ukuta rangi ya udongo, isiyong'aa. Shaba nimeipaka siki na chumvi, nikaiacha mpaka ikafubaa upya. Rehema kashusha taa zikawa chini, usawa wa mtu aliyekaa. Kofia nimezishona upya, ndefu, kitenge cha kahawia na bitana ndani, zimefunika balbu yote. Balbu zenyewe nimebadilisha, ndogo, za njano hafifu.

Nimekaa. Nimesimama. Nimelala sakafuni kama mwendawazimu, Rehema ananicheka. Hakuna mahali balbu inaonekana. Mwanga unatambaa ukutani tu, unaishia hapo.

Kwa sindano hautoshi. Basi, nitashona mchana.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka Magu. Maduhu wamemweka stoo, kwenye magunia ya mpunga. Wifi kanifungulia, kisha kafunga mlango nyuma yangu. Nimeongea na giza.

"Nguo nimeleta."

"Asante."

"Nilikaa upande wako. Balbu inaonekana kutoka pale. Sikujua."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Ulipiga kelele."

Panya wanatembea juu ya magunia.

"Nimezibadilisha. Njoo ukae jioni moja tu. Zikikuuma nitakurudisha mwenyewe."

"Mama Editha, wewe umechoka na mimi. Shona kwa raha zako."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Nakusikia unavyovuta pazia. Kila jioni. Mpaka mwisho."

Nikamwambia nilivuta ili asiumie. Kwamba kila nilipovuta nilitamani aseme acha. Nikamsikia akijigeuza kwenye magunia.

Nimerudi peke yangu, mvua njia nzima. Kwenye basi nimelia, wala sikujificha.

Jumanne, 25 Machi

Hodi, giza likianza kuingia. Wifi Nyamizi, na nyuma yake mtu wa shuka kichwani.

Wifi kaingia kwanza. Kageuka huku na huku, kagusa kofia ya taa kwa kidole. "Pametulia hapa," kasema. Kisha kamvuta kaka yake kwa mkono, kamkalisha, kaenda jikoni mwenyewe kubandika chai.

Nimekaa upande wa pili wa kochi. Maduhu kashusha shuka. Kafungua macho polepole, anafumba, anafungua, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa mguu. Kaangalia ukuta. Kaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha kanigeukia mimi.

Kaniangalia muda mrefu.

"Umekonda," kasema.

"Na wewe ndevu zimekuwa nyeupe zote."

Kazishika. "Tangu lini?"

"Sijui."

Jumatano, 26 Machi

Wifi kaondoka asubuhi. Nimeshona dirishani mchana, yeye kalala ndani. Kichwa kilimuuma kidogo. Zitakuwepo siku atakazoshindwa kutoka, najua.

Jioni katoka bila kuitwa. Tumechambua maharage, sinia katikati yetu kwenye kochi. Kanionyesha jiwe moja nililoliruka.

Baadaye kasema macho yamechoka. Nikanyoosha mkono, nikazima taa ya upande wake.

Hakuinuka kurudi chumbani.