Pikipiki ya Gentil Inaenda Katana

Jumanne, 2 Oktoba 2001

Siku kumi na tatu tangu tumuzike mudogo wangu Gentil. Nimeandika jina lake bila kusimama. Labda ni kazi yangu ya secrétaire pale biro ya parokia — kutwa ninaandika majina ya watu, wabatizwa na wafu.

Mama hajajua. Iko Katana, peke yake, anapalilia maharagi, anafikiri watoto wake wawili wako wazima huku Bukavu. Tangu mapigano yaanze kule njiani taxi-bus haziendi, na mitumbwi ya moteur imekatazwa. Tulimuzika bila yeye. Mwili ulikuwa umekwisha kukaa siku tatu. Watu wenye bunduki walisimamisha camion, gari kubwa ya dawa, karibu na Bunyakiri, na Gentil alikuwa ndani, kazini. Ni hayo tu tunayojua.

Pikipiki yake iko ukumbini, inanuka mafuta. Siku ile aliiacha sababu ya matope.

Padri ameniambia anaweza kutoa habari kwa phonie, redio ya kuitana ya misioni. Nimekataa. Phonie inasikilizwa na watu kumi, sauti inakatika-katika. Mama asikie kifo cha mutoto wake vile? Hapana.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nilimuomba Cyprien, jirani yetu, fundi wa magari, anipeleke Katana. Akaniangalia kwa huruma. Alisema mwanaume kijana juu ya pikipiki, kwenye bariere, pale askari wanafunga njia, watamuita Mai-Mai, wale wapiganaji wa porini, ama watamubebesha masanduku ya risasi mpaka porini. Mwanamuke anaweza kupita.

— Basi nifundishe, nikasema.

Miaka yangu thelathini na tisa, na miwani. Hakucheka.

Tulianza saa kumi, njia ya Nyalukemba inayoshuka ziwani. Embrayage, ndiyo klachi; vitesse, ndiyo gia; fren ya kusimamisha. Niliachia embrayage kwa haraka, pikipiki ikaruka, nikaanguka kwenye ua wa watu. Goti limechunika. Wamama walitoka kuangalia. Mumoja aliuliza kama nimeingia masista, maana wao tu ndio wanaendesha.

Nilikuwa nimevaa suruali ya Gentil, nimeikunja chini. Mufukoni kulikuwa kipande cha sabuni. Nikarudi nyumbani mbele ya somo kuisha.

Jumapili, 7 Oktoba

Leo nimezunguka Nyalukemba yote mara tatu bila kuanguka. Mikono inauma mpaka siwezi kukamua nguo.

Nyuma ya misa kuisha maman Martine, wa chama cha wamama, alinishika pembeni. Kuna wachuuzi watatembea kwa miguu mpaka Katana siku ya Jumatano, na mumoja wao alikuwa kwenye maziko. Atafika sokoni na mudomo wake. Mama anauza ndizi soko lile lile.

Cyprien anasema nijifunze tena juma moja. Sina juma moja. Jumanne nitaenda.

Jumanne, 9 Oktoba — Katana

Nimefika. Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kimejaa.

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu. Cyprien alijaza essence kwenye tanki, akakaza mnyororo, akasema nisiangalie gurudumu, niangalie mbali. Alinisukuma kidogo, kama vile mutu anasukuma mutoto kwenye baiskeli. Nilipopita nyumba ya mwisho ninayoijua nilikaza mikono kwenye usukani. Sikuwa nimewahi kutoka Bukavu bila mutu mwingine kuniendesha.

Njia ilikuwa tupu. Ndiyo iliniogopesha, ule utupu. Migomba, nyumba zimefungwa, mbuzi mumoja. Ziwa upande wa kuume, limetulia kama hakuna kitu kinatokea duniani. Matope mara mbili yalinilaza chini. Kuisimamisha tena pikipiki peke yangu — nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Mbele ya kufika Kavumu, bariere. Kamba tu, na askari watatu. Kijana mumoja akaomba karatasi. Carte rose, karatasi ya pikipiki, ina jina la Gentil. Akasoma polepole, akauliza mwenye pikipiki iko wapi.

— Amekufa, nikasema. Mimi ni dada yake. Ninaenda kumuambia mama.

Hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu. Juma tatu sijalisema neno lile kwa mudomo wangu. Wengine walisema kwa ajili yangu. Yule kijana alinirudishia karatasi, akateremusha kamba mwenyewe. Hakuomba kitu.

Basi nilijua ninaweza kusema. Nilirudia njia yote: mama, Gentil amekufa. Mama, Gentil amekufa.

Mama alisikia mungurumo kutoka shambani. Alikuja mbio, mikono imejaa udongo, anaita, Gentil, Gentil, umekumbuka mama yako! Halafu aliniona mimi. Nilizima moteur. Akauliza mudogo wako iko wapi.

Nikasema iko kazini. Bunyakiri.

Bunyakiri! Kati ya majina yote ya dunia.

Alipika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Sehemu ya Gentil aliweka pembeni, akafunika na sahani. Nimekula yangu. Nimekula yote.

Jumatano, 10 Oktoba

Asubuhi mama alipangusa matope ya pikipiki kwa kitambaa, kila pahali, hata chini. Maman Marcelline, jirani, alikuja kusalimia. Nikasikia mama anamuambia kwamba binti yake amekuja, peke yake, kwa pikipiki ya mudogo wake.

Saa nane tulikaa kuchambua maharagi. Nilifungua mudomo mara mbili. Mara ya tatu yeye alisema, bila kuinua macho:

— Noëlla, mulimuzika wapi?

Nikamuambia. Makaburi, siku, mvua iliyonyesha. Nikauliza alijua namna gani. Alisema aliniona ninashuka kwenye pikipiki. Mutu anayekuja kutembea hashuki vile. Usiku wote alingojea nimuambie.

Akauliza nani alimuosha. Nani alimuvalisha. Nguo gani. Nilijibu yote. Halafu mikono yake ikasimama ndani ya maharagi.

— Mulinizikia mutoto bila mimi.

Hakupiga kelele. Nilitaka kueleza habari ya taxi-bus, ya mitumbwi, ya siku tatu. Nilieleza. Maneno yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofika kwake. Aliingia ndani, akachukua ile sahani ya sambaza, akaitoa nje kwa maman Marcelline. Hapo ndipo alilia, pale mulangoni kwa jirani, si kwangu.

Watu wamekuja kwa kilio. Mimi ninachota maji. Mama hajanisemesha tena.

Alhamisi, 11 Oktoba

Ninaandika nimesimama, haraka. Mama amevaa kitenge cha misa, amejifunga kingine kiunoni. Anataka kuona kaburi. Leo.

Alfajiri tulisikia risasi upande wa Kavumu. Toka saa ile watu wanapita na magodoro kichwani, wanakuja upande huu, hakuna anayeenda kule. Maman Marcelline amemuomba angojee hata siku mbili. Mama alimujibu kwamba yeye hakungojewa, wakazika.

Nilimuambia mimi ni mupya, sijawahi kubeba mutu. Peke yangu tu nilianguka mara mbili. Miaka yake sitini na saba, hajapanda pikipiki. Aliniangalia — mara ya kwanza tangu jana.

— Gentil ulimubeba mugongoni mpaka akajua kutembea. Ulikuwa mutoto wewe mwenyewe. Nibebe na mimi.

Risasi zimenyamaza sasa. Ama ni upepo umegeuka, sijui. Watu wangali wanapita.

Amekwisha kupanda. Ameweka rozari shingoni, miguu yote upande mumoja, kama kwenye benchi ya kanisa. Nimemuambia aketi vizuri, aweke mumoja huku na mumoja huku. Amefanya hivyo. Anauliza ashike wapi.