Ukuta wa Chumba cha Daktari

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mutanga tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeuliza, katika utafiti wenu wa saratani ya utumbo, mtawaulizaje wazee mambo ya choo bila kuwavunjia heshima.

Nilikuwa bado shuleni, msichana wa vitabu na haya nyingi, nilipompeleka baba yangu hospitalini. Daktari alijua Kifaransa tu, baba Kiswahili tu, nami nikawatafsiria. Daktari akauliza kama baba anatoa damu chooni. Kwetu binti hamuulizi baba hilo. Nikageukia ukuta, nikauliza.

Baba akajibu nyuma yangu: “Mwambie damu iko, mama, tangu Pasaka. Lakini usiniangalie!”

Walipompima wakakuta uvimbe utumboni; ulikuwa bado mdogo, ukakatwa. Baba akacheza harusini kwangu. Mpaka leo namshukuru daktari aliyeuliza, na hata ukuta ule.

Bibi yako akupendaye