Usibadilishe Sensa Nyingine

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Hapa Shinyanga hatujambo, shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza ufunge sensa ya tatu, kile kifaa cha kupima presha ya oili, kwenye ekskaveta yako, au usubiri kufukuzwa kazi. Mnanichosha ninyi mafundi vijana na kubadilisha kwenu vifaa. Nami nilipokuwa fundi mgodini kule Geita, ekskaveta, ile mashine ya kuchimba, ilionyesha namba ileile ya hitilafu ya presha ya oili kila Jumatatu. Kila nilipofunga sensa mpya, bosi alifoka, "Mama Shija, unaitengeneza au unailisha?"

Kumbe dereva aliona aibu kukabidhi mashine chafu. Kila Jumapili aliipiga maji ya presha, yakaingia kwenye plagi ya waya wa sensa.

Namba huonyesha panapouma, haimtaji aliyepiga. Fungua plagi, uikaushe. Kisha mwombe dereva wako, kwa adabu, sehemu hiyo aipanguse kwa kitambaa.

Bibi yako