Taa Niliyomchagulia Mkwe

Shoga, nimejificha jikoni nikuandikie. Ile taa mpya ya LED ya pikipiki ya mkwe wangu niliichagua mimi.

Muuzaji alinionya, "Bibi, hii inapiga watu machoni. Chukua hii inayomulika chini." Nikamjibu, "Kwani mkwe wangu anatafuta sindano?"

Inapiga watu machoni. Alisema kabisa.

Jioni hii imempiga wifi yangu. Kaingia mtaroni na baiskeli yake, mguu umevimba kama mtungi.

Mkwe hakunitaja, shoga. Kasema, "Nisamehe shangazi, nilichagua taa vibaya." Mimi namkanda wifi mguu kwa maji ya moto.

Wifi akasema, "Mkono uliochagua taa ile ukauke."

Nikaitikia amina. Kwa sauti. Na mkono wenyewe ndio uliomshika mguu.