Uji wa Saa Nne

Jumanne, Januari 1998. Mvua tangu alfajiri. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mvua hii haijui kwamba Januari ni mwezi wa jua. Majani chai yamestawi mpaka wachumaji wanalalamika, lori la kiwanda limekwama kwenye tope njia ya Merigi, na mimi fundi cherehani nimezikwa na sare za shule. Kila mama anataka ya mtoto wake iwe ya kwanza.

Ramadhani nayo imeingia katikati ya haya yote. Na mimba yangu ni ya miezi saba.

Jana sista wa kliniki alinivuta ngozi chini ya jicho, akatikisa kichwa. Damu imepungua, mtoto ni mdogo. Nile mchana, na nijilaze. Hamisi, mume wangu, hakungoja nimalize kusimulia. Alisema nifungue, siku hizo nitazilipa nikishajifungua na kupata nguvu, maana Mwenyezi Mungu mwenyewe ametutakia wepesi. Najua. Nilifundishwa madrasa Mumias nikiwa mdogo: mwili una haki juu yangu, nimepewa kama amana.

Kujua si shida. Shida ni soko.

Hapa sokoni Mwislamu ni mimi peke yangu, na soko zima linalinda saumu yangu. Wauza mahindi ya kuchemsha hula wametazama ukuta. Mama Chepkirui, jirani yangu anayeuza mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, amewakataza wateja wake wasinywe mbele ya mlango wangu. Jumapili hakosi kanisani, lakini mwezi huu anajua saa ya Magharibi kuliko mimi. Nami, wacha nikiri, sifa hiyo naipenda.

Leo saa nne nikamimina uji kutoka kwenye thamosi. Kikombe hakijafika mdomoni, Mama Chepkirui akaruka dimbwi, akanipokonya.

"Wewe Mama Islamu! Umesahau uko na kufunga? Wacha, wacha! Bado hujameza, Mungu ameona ni kusahau tu!"

Akaumwaga nje kwenye mvua, akanifuta vidole kwa leso yake. Alifurahi kweli kuniokoa.

Nikasema asante.

Asante! Mdomo huu unaobishana na wateja kutwa nzima ulishindwa kutoa sentensi moja. Nikarudi kukanyaga cherehani bila uji, bila kujilaza, kwa kuogopa nisionekane Mwislamu wa uongo mbele ya watu ambao hata si Waislamu.

Alasiri nikahisi mtoto amenyamaza. Kwa kawaida nikikanyaga mashine hucheza sana. Wa kwanza pia alinyamaza hivyo, na sikumpata.

Nilifunga duka nikaenda nyumbani nimeshika tumbo. Hamisi alinipa maji na tende, kisha uji, akanilaza ubavu wa kushoto. Hakunigombeza. Tukangoja, mkono wake juu ya wangu. Nimeomba dua nyingi maishani, lakini ya leo haikuwa na maneno.

Mtoto akapiga teke. Halafu jingine.

Nililia mpaka mto ukalowa.

Basi nijisikilize vizuri, nisije nikajidanganya tena. Njaa ya leo sikumfungia Mungu. Yeye alishaniruhusu. Nilimfungia Mama Chepkirui na wauza mahindi, na karibu nilipe kwa mtoto wangu.

Sirudii.

Asubuhi Hamisi atanipeleka kliniki wamsikilize mtoto. Nikitoka huko nafungua duka, na mchana nitajilaza kwenye godoro nyuma ya pazia. Sare zitakazochelewa zichelewe, mtoto wa mtu ataenda na kaptula ya mwaka jana.

Nitamwita Mama Chepkirui akae kwenye stuli yangu, nimweleze kwa mdomo wangu kwamba kula huku na kulala huku ni ibada pia. Najua atashangaa, kisha atalitangazia soko zima, na hapo ndipo ninapomtaka. Mlinzi kama yeye nitampata wapi? Saumu ameilinda vya kutosha, sasa anilindie uji.

Halafu, mlango ukiwa wazi, nitasema Bismillahi kwa sauti, ninywe mpaka nione chini ya kikombe.